Tupeane uzoefu: minyoo ya paka na mbwa huku Kusini, mliimalizaje?

Wakuu, salaam kutoka Mikindani.

Nina paka jike, anakula vizuri na mwili hajapungua. Ila nimeanza kuona vipunje vyeupe kwenye manyoya chini ya mkia na juu ya mkeka anapolala. Vikiwa vibichi vinajongea, vikikauka vinakuwa kama ufuta. Kila anayepita kwangu ana dawa yake: huyu mbegu za maboga, yule mwarobaini, mwingine ananiambia nimmegee kidonge cha minyoo cha watoto. Kabla sijamtesa mnyama wa watu, wenye paka na mbwa Mtwara na Lindi semeni: uliona nini, ulitumia nini, ikawaje?

Mdau wa Chikongola
Hivyo ni vipingili vya tegu mkuu, na kila kimoja kimebeba mayai. Sasa mpekue viroboto. Mchane mgongoni karibu na mkia, vile vichembe vyeusi vitakavyodondoka viweke kwenye kitambaa cheupe kilicholowa. Vikitoa wekundu, ni kinyesi cha kiroboto, damu tupu. Kiroboto akiwa bado funza anakula mayai ya tegu na kukua nayo. Paka akijilamba anammeza, mchezo unaanza upya.

Wangu nilimpa prazikwanteli, dawa ya tegu, vipingili vikakoma. Haukupita muda vikarudi, maana magunia ya stoo yalikuwa yanachezacheza kwa viroboto. Nilipoyaanika juani, nikafagia nyufa zote za sakafu na kumtibu paka viroboto, ndipo yakaisha. Ila angalia: dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini usimpake paka. Inaua.

Mkulima wa Tandahimba
Mimi wangu kiroboto hana hata wa dawa, tegu anao. Daktari wa mifugo akaniuliza, "Anakula panya?" Nikacheka. Ndiyo kazi niliyomleta ghalani, msimu wa korosho bila paka magunia hayaponi. Kumbe kuna tegu mwingine ambaye mtoto wake anakaa kwenye ini la panya, paka akimla tu kampata. Siwezi kumkataza, kwa hiyo anapata dawa mara kwa mara na maisha yanaendelea.

Mbegu za maboga nilijaribu, nikazisaga na dagaa. Dagaa akala, mbegu akaniachia kwenye sahani.

Mama Ng'apa, Lindi
Yangu ni ya mbwa. Alizalia chini ya mpapai, watoto wazuri, wanene. Baadaye matumbo yakavimba, mbavu zinahesabika, manyoya yamesimama. Mmoja akatapika minyoo mirefu myeupe, mingine ingali inajipinda kwenye mchanga. Majirani wakasema jicho. Nikamwita bwana mifugo, akasema wamezaliwa nayo. Mama anakuwa na viluwiluwi vya minyoo vimelala kwenye nyama zake, mimba ikikua vinaamka na kuhamia kwa watoto tumboni. Ndiyo maana watoto wa mbwa huanzishiwa dawa wakiwa na wiki 2 tu, wanarudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka waache kunyonya, na mama yao anapewa pia. Kwa watoto wa paka njia kubwa ni maziwa, wao huanza wiki ya 3.

Mmoja alikuwa amelegea kuliko wenzake. Bwana mifugo akamfunua mdomo, fizi hazina damu kabisa, na kinyesi chake cheusi kinanata. Akasema huyu ana minyoo ya safura juu ya ile mingine, inamnyonya damu, na hiyo haisubiri. Dozi tulipima kwa kilo, mizani nikaazima dukani, mtoto ndani ya kikapu. Huyo mnyonge hakupona, wenzake wako wanabweka hapa.

Mdau wa Shangani
Nachangia upande wa binadamu. Mwanangu alicheza mchanga wa ufukweni, kule juu kivulini maji yasikofika. Akatokwa na mstari mwekundu mguuni, umejipindapinda, kila asubuhi umesogea, usiku ni kujikuna hadi analia. Tulianza kutibiwa fangasi bure. Daktari wa pili akautambua palepale: kiluwiluwi cha safura ya mbwa au paka, kimeingia kwenye ngozi na kinatangatanga humo maana ndani ya mtu hakiwezi kukomaa. Akampa albendazoli, kikanyamaza. Sasa tukienda pwani tunaketi kwenye mkeka, na mbwa wetu akijisaidia nafukia mbali na wanapocheza watoto.

Mdau wa Chikongola
Dada, hiyo albendazoli kwa mtoto sawa. Ila mkuu wa Mikindani usimmegee paka, inaweza kumharibia uboho.

Mwenye uzi
Nimempekua. Kitambaa chote chekundu! Kesho naenda duka la dawa za mifugo. Ila kidonge nitammezeshaje? Huyu anaparua hadi anayempa samaki.

Mama Ng'apa, Lindi
Mpime uzito kwanza. Halafu mviringishe kwenye kanga, kichwa tu kibaki nje, kidonge nyuma kabisa ya ulimi, funga mdomo, mpapase koo mpaka ameze. Akikushinda, kifiche ndani ya kipande cha jodari, ila mpe akiwa na njaa, akishiba atakinusa. Akikimbilia darini mwache, atashuka mwenyewe ukianza kupara samaki.