Shule zikifungwa kwa mlipuko wa ugonjwa, watoto wa wazazi wa mwaloni na sokoni wakae na nani?

Kirumba_Kwetu

Mwangaluka wadau. Naomba maarifa ya wanaojua malezi na afya ya jamii.

Tuko kaya tano hapa Kirumba, jijini Mwanza. Tunataka tukubaliane mapema nani atakaa na watoto endapo shule na vituo vya kulelea watoto vitafungwa tena kama 2020. Mwaka ule amri ilitoka tarehe 17 Machi, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, na shule za msingi hazikufunguliwa hadi 29 Juni. Hakuna mzazi wa kipato cha siku anayeweza kukaa nyumbani muda wote huo. Tangu hapo jirani zetu wa Kagera wamepata Marburg mara mbili, 2023 na 2025, na kipindupindu nacho hakichezi mbali na kanda hii.

Watoto ni tisa: wawili hawajatimiza miaka miwili, wanne wana kati ya mitatu na mitano, watatu wako shule ya msingi (7, 9 na 11). Kaya mbili ni za akina mama wa dagaa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, moja ya bodaboda, moja inauza mitumba soko la Makoroboi, moja ina mwajiriwa wa ofisini.

Wazazi hatuelewani. Wapo wanaosema mtoto akae ndani kwao, asichanganyike na yeyote. Wapo wanaosema ugonjwa hauui watoto, njaa ndiyo inaua, kwa hiyo tumwajiri mlezi mmoja awakusanye wote. Wengine wanataka kuwapeleka kwa bibi, Sengerema na Ukerewe. Kikao kijacho tupige kura? Na kama tutalea pamoja, tupangeje?

Mwl_wa_Awali_Igoma

Kura msipige. Itawapa washindi na walioshindwa, halafu walioshindwa wataleta watoto shingo upande, au wataficha mambo. Wazazi wanatofautiana kwa sababu nyumba zinatofautiana. Mwenye mzee wa kisukari ndani anaogopa kitu cha kweli, na mama ambaye asipouza leo kesho hali anaogopa kitu cha kweli vilevile. Pita kaya kwa kaya uulize mambo matatu: ndani yupo mzee au mgonjwa wa muda mrefu? Mzazi anatoka saa ngapi na kurudi saa ngapi? Yupo mtu mzima yeyote anayebaki? Majibu hayo ndiyo yatakayowapangia, na kaya itakayosema "sisi hatuingii" iachwe kwa heshima, na iwe huru kuingia baadaye.

Tisa kwa mlezi mmoja haiwezekani. Wasiotimiza miaka miwili wanahitaji mikono ya mtu mmoja karibu muda wote. Mlezi akigeuka kumbadilisha mmoja nepi, wengine wanane wako peke yao na jiko la mkaa na pipa la maji. Gawanyeni makundi mawili yasiyokutana, kwa kufuata saa za kazi za wazazi. La kwanza ni la alfajiri: kaya mbili za dagaa na ile ya bodaboda. La pili linaanza saa 1 asubuhi: mitumba na ofisi. Mtoto asiyetimiza miaka miwili awe mmoja tu kila kundi, na kila kundi liwe na mlezi wake na nyumba yake, bila kubadilishana. Faida yake kubwa ni hii: mtoto mmoja akiugua, linasimama kundi moja, la pili linaendelea. Mkiwachanganya "leo tu kwa sababu mlezi fulani ana msiba", mpango mzima umevunjika.

Mkitumia zamu za wazazi badala ya mlezi wa kulipwa, mzazi awe na wiki nzima. Zamu ya siku moja moja inawachosha wadogo, maana kila asubuhi wanakutana na sura mpya na utaratibu mpya, nao hulia mpaka saa 4. Zaidi ya hapo, katika wiki moja watoto watakuwa wamekutana na watu wazima kadhaa wanaotoka sehemu tofauti za mji.

Ratiba ya siku isiwe ya shule. Wa miaka mitatu hadi mitano wapewe kipindi kimoja cha dakika 20 asubuhi: kuhesabu vizibo, kuimba, kutambua herufi kwa kuchora mchangani. Baada ya uji wacheze nje kivulini. Wa msingi wapewe saa moja na nusu asubuhi na saa moja mchana, wakitumia vitabu vyao wenyewe. Vitabu vya kiada vipo pia kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) kwa mwenye simu janja. Pakueni sura chache shule zikiwa bado wazi, kwa sababu siku ya kufunga kila mtu ataingia kwa pamoja.

Nesi_wa_Jamii_Nyamagana

Mwalimu kaeleza vizuri. Naongeza jambo ambalo naona watu hulipita: lazima mjue ni ugonjwa gani, ndipo mjue mnajikinga na nini. Ndoo ya maji mlangoni haitoshi kwa kila kitu.

Ugonjwa wa njia ya hewa kama korona unasambaa zaidi kwenye chumba kilichofungwa. Kinga kubwa ni nje: mkeka chini ya mwembe au barazani. Mvua ikinyesha, na mwaka 2020 shule zilifungwa wakati wa masika, tumieni chumba chenye madirisha pande mbili, yote wazi, hata kama kuna baridi kidogo. Barakoa ni kwa mlezi na wakubwa. Aliye chini ya miaka mitano msimlazimishe, na aliye chini ya miwili asivalishwe kabisa, anaweza kukosa pumzi.

Kipindupindu hupita kwenye maji, chakula na choo. Hapo kundi la pamoja lina hatari ya sufuria moja na kikombe kimoja. Kila mtoto awe na kikombe chake chenye alama ya rangi, chakula kiliwe cha moto, na maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote au yatiwe dawa kwa kipimo cha pakiti, kisha yasubiri dakika 30. Mtoto akianza kuharisha maji maji, mpeni ORS, ile dawa ya pakiti ya kurudisha maji mwilini, papo hapo na muwahi kituo cha afya. Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kufuta juu. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, kwa hiyo msikadirie kwa mkono.

Marburg ni jambo lingine kabisa. Huambukiza kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au maiti, na anayefuatiliwa huangaliwa siku 21. Ukitangazwa kwenye mji wenu, malezi ya pamoja yasimame mpaka wataalamu waseme. Namba ya Wizara ya Afya ni 199.

Sasa kanuni ya homa, ambayo ndipo mipango mingi hufia. Mzazi hafichi homa kwa ubaya, anaficha kwa sababu akibaki nyumbani leo hakuna pato. Anampa mtoto dawa ya maji ya kushusha homa saa 11 alfajiri, mtoto anafika mchangamfu, na saa 4 asubuhi, dawa ikiisha nguvu, anawaka moto katikati ya wenzake. Kwa hiyo mlezi asiulize "mtoto mzima?" Aulize "amepewa dawa gani tangu jana jioni?" Aliyepewa ya homa arudi nyumbani. Nunueni kipimajoto kimoja kwa kila kundi: 38 na kuendelea hapokelewi. Anarejea akikaa saa 24 bila homa na bila dawa. Aliyeharisha, saa 48 tangu mara ya mwisho. Na kwa huku kwetu kila homa ipimwe malaria kwanza, kipimo cha haraka kipo zahanati. Kikitoka chanya anatibiwa na hofu inapungua. Kikitoka hasi, kundi linajua mapema. Ila jueni kwamba malaria haizuii ugonjwa mwingine kuwepo, kwa hiyo zile saa 24 zinabaki palepale.

Ili kanuni hii ishikike, wekeni mfuko. Kwa mfano kila kaya itoe 500 kwa siku ya kazi. Mzazi anayebaki na mgonjwa alipwe 5,000 kwa siku, zisizozidi siku tatu. Bila fidia, mtaendelea kuletewa watoto waliotiwa dawa.

Kunawa: tengenezeni kibuyu chirizi, kinatumia maji kidogo na mtoto hashiki bomba. Dumu la lita 5, nguzo mbili zenye panda, mti wa kupitisha katikati, kamba kutoka mdomo wa dumu hadi kijiti cha kukanyaga. Toboeni tundu moja kwa msumari uliopashwa moto, kama sentimita 12 chini ya kizibo, na maji yaishie chini ya tundu. Wengi hutoboa chini karibu na kitako, maji yanavuja mchana kutwa, kufika saa 5 dumu tupu na hakuna anayenawa tena. Chini wekeni kokoto, la sivyo patakuwa tope na mazalia ya mbu. Kipande cha sabuni kikae ndani ya wavu wa vitunguu uliofungwa kwa kamba.

Matapishi au kinyesi: futeni kwanza, kisha klorini. Ile ya dukani ya asilimia 3.5, kipimo kimoja kwa vipimo sita vya maji, iache dakika 10. Tengenezeni mpya kila siku, msichanganye na dawa nyingine ya kusafishia, na chupa ikae juu, mbali na watoto.

Dagaa_Igombe

Hapo kwenye saa za akina mama wa dagaa pana jambo. Msiwapangie kalenda ya Jumatatu hadi Ijumaa, kazi yao inafuata mwezi. Wakati wa giza mitumbwi inarudi alfajiri, mama lazima awe mwaloni saa 11 kununua kwa ndoo, aanike, ageuze, akusanye jioni. Mbalamwezi ikija uvuvi wa dagaa unalala, kwa takriban siku kumi hivi. Siku hizo ndizo zamu zao za kulea, tena wakae wao na kundi lao mfululizo, mlezi apumzike. Wakati wa giza wasipewe zamu kabisa. Mvua ikipiga kabla dagaa hawajakauka mama hawezi kuondoka, mzigo utaoza. Kwa hiyo mlezi wa kundi la alfajiri akubaliane tangu mwanzo kukaa hadi saa 12 jioni siku za mvua, na alipwe nyongeza.

Mtoto asiyetimiza miaka miwili alale kwa mlezi tangu usiku au aletwe amelala mgongoni. Kumwamsha na kumlisha saa 10 usiku kunamharibia siku nzima.

Na ziwa, jamani. Shule ikifungwa watoto wa miaka 7 hadi 11 wanahamia majini. Kuna kuzama, na kuna kichocho ambacho hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Dawa ya kichocho watoto wengi huipata shuleni, kwa hiyo shule ikifungwa muulizie kituo cha afya. Maji ya ziwa ya kuogea yakae siku mbili kwenye pipa lililofunikwa, bila konokono, wadudu wa kichocho wanakufa. Ila hayajawa ya kunywa, vijidudu vya kipindupindu haviondoki kwa kukaa. Pipa lenyewe liwe na mfuniko mzito. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu huzama hata kwenye ndoo.

Kirumba_Kwetu

Asanteni sana, hasa hilo la mbalamwezi, hatukulifikiria. Mawili yamebaki. Kwa bibi je? Na yule binti wa miaka 11, mama yake anasema anaweza kushika wadogo zake, hivyo kaya yao isilipie mlezi.

Malezi_Ilemela

Kwa bibi inategemea ugonjwa na safari. Kwa korona wazee ndio walioumia zaidi, na mtoto anaweza kuubeba bila dalili. Kama bibi bado ana nguvu na familia imeamua, mtoto apelekwe mara moja, mapema, akae huko mpaka shule zifunguliwe. Kinacholeta madhara ni kwenda na kurudi: kila Ijumaa kivuko, kila Jumapili kivuko. Akifika, siku 14 za kwanza alale chumba chake, mlo wauandae na kuula nje, na bibi asimlishe kwa mkono wake. Ikiwa bibi ana presha, kisukari au kifua, mtoto abaki mjini kwenye kundi.

Binti wa miaka 11, hapana. Anaweza kumsaidia mlezi kwa nusu saa, kuimba na wadogo au kupeleka vikombe. Akifanywa mlezi, yeye ndiye ambaye hatasoma, na shule zikifunguliwa nyumba itakuwa imeshamzoea. Uganda shule zilikaa bila kufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022, na wasichana wengi hawakurudi. Mama huyo ana tatizo la fedha, kwa hiyo mtatulieni hilo: apunguziwe mchango, alipe kwa zamu zaidi wakati wa mbalamwezi, au alete dagaa wa mboga kwa kundi kwa thamani mtakayokubaliana. Andikeni kwenye daftari ili isije ikageuka maneno.

Kuhusu sheria: majirani kusaidiana zamu ni jambo moja, kupokea watoto wa watu kwa malipo kila siku ni kituo, na kituo cha kulelea watoto mchana kinasajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Muoneni afisa ustawi wa jamii wa kata kabla hamjaanza kumlipa mlezi, na mwenyekiti wa mtaa ajue nyumba zote mbili. Amri ikitoka kwamba mikusanyiko ya watoto imepigwa marufuku, makundi yanasimama, na mlezi alipwe angalau nusu. Mkimwacha bila kitu atatafuta kazi nyingine, na siku ya kufungua mtaanza upya na mgeni. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure, ibandikeni ukutani, na watoto wa msingi waijue kwa kichwa. Mlezi achaguliwe na kaya zote za kundi lake, aonwe akiwa na watoto siku mbili nzima huku mzazi mmoja yupo, na mzazi yeyote awe na ruhusa ya kufika wakati wowote bila taarifa.