Natimiza 27 mwezi Machi, nataka kwenda Ujerumani: nianze na visa ipi?

Binti_wa_Njiro
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 26, naishi Arusha, nina diploma ya hoteli na nimekaa mapokezi miaka mitatu kwenye lodge moja. Huko TikTok naona vijana wanakwenda Australia na Ujerumani kwa visa ya mwaka mzima ya "likizo na kazi": wanachuma matunda miezi miwili, wanatembea, wanahamia mji mwingine. Nikasema hii ndiyo yangu. Kuna ajenti ananiambia ataishughulikia kwa milioni nne, nusu kwanza. Kijerumani nipo A1 (ngazi ya kwanza), mtihani mwezi ujao. Anayejua anishike mkono kabla sijatoa hela.

Mkongwe_Leipzig
Usitoe hata mia. Unauziwa mbuzi kwenye gunia. Visa hiyo inategemea mikataba ya nchi na nchi. Ujerumani wanayo na Australia, New Zealand, Japani, Korea Kusini, Chile na wengineo. Afrika hakuna hata moja. Australia nao hawajaipa nchi yoyote ya Afrika. Hao wa TikTok wana pasipoti nyingine, basi.

MamaZawadi
Mdogo wangu, mimi niliingia kwa au pair, na kwako saa inakimbia. Sharti ni uwe hujatimiza 27 siku unayowasilisha maombi ubalozini. Kwa hiyo tafuta familia na miadi SASA, usisubiri cheti kitoke ndipo uanze. Unaishi na familia, unaangalia watoto na kazi ndogo za nyumbani, mwisho saa 30 kwa wiki. Mkononi unapata euro 280 kwa mwezi. Chumba, chakula na bima ni juu yao. Ni mwaka mmoja, harudii mtu.

Nisikudanganye kwamba ni mteremko. Asubuhi ya kwanza mtoto wa miaka minne aliniambia kitu mara tatu sikuelewa, akaenda akanivutia droo yenye soksi zake. Ndiyo ilikuwa hiyo: soksi. A1 yangu ya darasani iliishia hapo. Lakini baada ya miezi kumi nilifanya B1 (ngazi ya tatu) nikapita, nikaenda mwaka wa kujitolea (FSJ) kwenye nyumba ya wazee, sasa nipo mwaka wa pili wa Ausbildung (mafunzo ya kazi) ya uuguzi.

Na kuhusu ajenti: wakala wa Ujerumani kisheria hatozi kijana wa au pair zaidi ya euro 150. Piga hesabu hizo milioni nne mwenyewe.

Fundi_Chuma
Naheshimu dada hapo juu, ila mimi napingana. Mtu ana diploma na uzoefu, unampeleka akakunje nguo za watu? Komaa na lugha hapohapo mpaka B1, omba Ausbildung ya hoteli moja kwa moja. Ni miaka mitatu, unalipwa tangu mwezi wa kwanza, na haina hiyo presha ya 27. Nafasi zipo kwenye tovuti ya shirika lao la ajira, bure. Masomo huanza Agosti au Septemba, waajiri wengi huchagua watu mwaka mzima kabla.

MamaZawadi
@Fundi_Chuma B1 ukiwa kazini zamu ya usiku ni miaka miwili. Nimeyaona.

Wa_Kayole
Kuna pia Chancenkarte, ilianza Juni 2024: unaenda mwaka mmoja kutafuta kazi. Lakini 2025 walitaka uonyeshe euro 1,091 kwa kila mwezi utakaokaa. Mwaka mzima ni zaidi ya milioni 30 za kwenu, dadangu. Na msidanganyike na habari za mikataba. Kenya iliposaini na Ujerumani Septemba 2024, vyombo vya habari vikaandika nafasi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ikakanusha, ikasema mkataba hauna idadi yoyote. Hapa mtaani bado kuna watu wanakusanya "ada ya kujiandikisha" kwa namba hiyohiyo.

Mkongwe_Leipzig
Njia yoyote atakayochagua, ada ya visa ya muda mrefu ni euro 75 na inalipwa ubalozini. Anayekutaka uitume kwenye simu yake, mfute.

Binti_wa_Njiro
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Ajenti nimemwambia nimeghairi. Amenijibu kwamba nafasi yangu amempa mwingine, na baada ya dakika kumi akashusha bei mpaka milioni mbili na nusu 😂

Naelekea kwa MamaZawadi, huku naendelea na lugha kama alivyosema Fundi. Swali moja: familia ya kwanza niliyoongea nayo kwa video ina watoto watatu na farasi wawili. Farasi nao wamo kwenye zile saa 30?

MamaZawadi
Farasi hapana, si kazi yako. Hayo yaandikwe kwenye mkataba kabla hujasaini. Njoo inbox nikuonyeshe wangu ulivyoandikwa.