Alfred Pennyworth: abaki kaburini, arudishwe, au aishi kwenye ulimwengu mwingine?

Popo_Msomaji

Wakuu habari zenu. Tangu adui Bane amvunje shingo Alfred, mtumishi aliyemlea Bruce Wayne ambaye ndo Batman, kwenye toleo la Batman #77 mwaka 2019 huu mjadala haujawahi kuisha, kila mwandishi mpya akishika Batman watu wanaanza kuulizana mzee anarudi lini. Nataka tuupime vizuri leo, tulinganishe njia zilizopo halafu kila mtu aseme anasimama wapi na kwa nini.

Mi naona njia ni tatu. Abaki amekufa, basi. Au arudi mzima kabisa, aingie tena jikoni na kwenye pango la Batman kama zamani. Au hii ya katikati ambayo DC, wachapishaji wa Batman, wamekuwa wakiicheza, yani kwenye ulimwengu mkuu amekufa ila unakutana naye kwenye kumbukumbu, kwenye barua, na kwenye ulimwengu mbadala kama Absolute Batman.

Mi nasema abaki. Na sababu yangu kubwa ni Nightwing #78 ya 2021, ya Tom Taylor na Bruno Redondo. Dick Grayson, Robin wa kwanza ambaye sasa ndo Nightwing, anapewa barua ya Alfred, anagundua yule mzee aliyekuwa anapiga pasi mashati miaka yote alikuwa na utajiri wa mabilioni ya dola na kamwachia yeye. Dick hanunui jumba, anaanza kuutumia kwa watu wa mji wake wa Blüdhaven wasio na pa kulala wala wa kuwatetea. Isomeni ile barua polepole, ni baba anaongea na mtoto ambaye hakumzaa, anamwambia anajivunia alivyokua. Sasa niambieni, Alfred akigonga mlango kesho ile barua inabaki kuwa nini? Urithi wa mtu aliye hai si urithi tena, na mwendelezo mzima wa Nightwing umejengwa juu yake.

Mzee wa Kava

Mkuu Popo umeanza vizuri ila umeruka jambo moja, Alfred hafi mara ya kwanza. Alishakufa 1964, Detective Comics #328, aliwasukuma Batman na Robin wasiangukiwe na jiwe likamwangukia yeye. Nyumbani akaletwa shangazi Harriet, na Bruce akaanzisha taasisi ya hisani kwa jina la Alfred. Yani hata habari ya urithi na hisani si ngeni, ilishafanyika enzi hizo.

Halafu ikaja tamthilia ya televisheni ya 1966, waliotengeneza wakamtaka Alfred, basi komiki nazo zikalazimika kumrudisha. Na walivyomrudisha ndo tatizo. Kumbe yule adui wa siri aliyekuwa anaitwa Outsider ndo Alfred mwenyewe, mwanasayansi mmoja alimkuta bado ana pumzi kidogo akamweka kwenye mashine, akatoka na ngozi nyeupe yenye mabakamabaka na chuki ya kutaka kuwaua Batman na Robin. Wakamponya kwenye Detective #356, akarudi kushika sinia lake, na ile tabu yote ikawa kama haikuwahi kutokea.

Mi nilisoma ile kwenye mkusanyiko nikiwa kijana na nilifurahi kumwona tena, siwezi kudanganya. Lakini sababu ya kumrudisha ilitoka nje ya stori, televisheni ilimtaka. Na mtu akirudishwa kwa sababu ya nje mwandishi anabaki anatafuta mlango wowote wa kumpitishia.

BintiWaFremu

Mi napinga, na nawaomba mnisikilize mpaka mwisho.

Kifo cha 2019 hakikumtendea haki Alfred. Mhusika aliyeanza Batman #16 mwaka 1943, mtu aliyemlea Bruce, amelea na kina Dick na Jason na Tim na Damian waliokuwa Robin kwa zamu, anauawa ili Bane aonekane wa kutisha. Bruce mwenyewe yuko mbali na Gotham, anayeshuhudia ni Damian, mwanawe ambaye bado ni mtoto. Tazameni ile fremu, Damian amefungwa hawezi kufanya kitu, Bane kamshika mzee kichwa, kisha imeisha. Alfred anakufa kama ujumbe tu kwa mtu mwingine.

Mnaniambia abaki kwa sababu ya stori nzuri zilizokuja baadaye. Nakubali Nightwing ni nzuri sana, nimelia kwenye ile barua. Ila uzuri wa Tom Taylor hauhalalishi kilichofanyika mwanzo, alikuta maiti akaifanyia heshima. Na kwa upande wa Batman mwenyewe je? Bruce bila Alfred amekuwa mtu wa kuropoka peke yake pangoni. Alfred ndo alikuwa anamwambia ukweli, anamwambia bwana Bruce umechoka, bwana Bruce umekosea, tena anasema huku anamshona jeraha. Toka afe waandishi wamejaribu kuwagawia hiyo kazi watu wake wa karibu, Lucius, Barbara, Selina, na hakuna hata mmoja aliyeikalia vizuri maana wote wana maisha yao mengine.

Nyuki44

Abaki. Bucky, mwenzake Captain America, na Jason, Robin wa pili, walirudi wote 2005 na toka hapo mimi kifo kwenye komiki sikiamini tena. Wakimrudisha na Alfred basi waache kutuuzia misiba.

Kalamu na Wino

Nyuki44 hapo kwa Jason na Bucky nadhani umegusa pazuri ila umetoka na jibu lisilo lake.

Tuanze na Jason Todd. 1988 DC waliweka namba mbili za simu, wasomaji wapige kuamua Robin afe au aishi, 5,343 wakasema afe na 5,271 wakasema aishi. Tofauti ni kura 72. Kwa miaka zaidi ya kumi na tano Jason alikuwa sare iliyotundikwa kwenye kioo pangoni, kila mwandishi akitaka Batman ahuzunike anamsimamisha mbele ya kile kioo. Halafu Judd Winick akamrudisha kama Red Hood na akaja na swali ambalo Jason mfu asingeweza kuliuliza: kwa nini Joker bado anapumua baada ya alichonifanyia? Batman hana jibu linalomridhisha yule kijana, na ndo maana stori inauma mpaka leo. Njia aliyorudia ni mbovu, mhusika mwingine, Superboy-Prime, anapiga ngumi ukuta wa uhalisia na mtu anafufuka kaburini, hilo sitalitetea. Ila swali lake lilikuwa zito kiasi kwamba watu waliisamehe njia.

Bucky hivyohivyo. Toka Avengers #4 ya 1964 tunaambiwa alikufa mwishoni mwa Vita vya Pili vya Dunia na Captain America anajilaumu. Ed Brubaker na Steve Epting wakamrudisha kama Winter Soldier, muuaji aliyetengenezwa na Wasovieti, na ghafla majuto ya Steve, yani Captain America mwenyewe, yanapata uso na mikono yenye damu. Bucky aliyerudi ana uzito kuliko yule wa zamani.

Sasa linganisheni na shangazi May, aliyemlea Peter Parker yani Spider-Man. Amazing Spider-Man #400, 1995, ya J.M. DeMatteis. Wako juu ya Empire State Building, May anamwambia Peter kwamba alishajua muda mrefu kuwa yeye ni Spider-Man na kwamba anajivunia, kisha wanarudi nyumbani anafia kitandani mwake huku Peter yuko pembeni. Sijasoma kifo cha mhusika msaidizi kilichoandikwa kwa upole kama kile. Miaka michache baadaye, 1998, tunaambiwa yule hakuwa May, alikuwa mwigizaji aliyekodiwa na Norman Osborn, yani adui Green Goblin, akabadilishwa mwili afanane naye. Yani maneno yote yale yalisemwa na mgeni! May aliyerudi hakuleta swali lolote jipya, alirudi kukaa alipokuwa amekaa, na gharama yake ikawa ni kuua mojawapo ya matoleo bora kabisa ya Spider-Man.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki, mtu akirudi analeta nini ambacho hakikuwezekana akiwa amekufa? Jason na Bucky wamefaulu, May amefeli. Kwa Alfred bado sijasikia mtu akinitajia kitu hicho, kila anayetaka arudi anataka arudi jinsi alivyokuwa.

BintiWaFremu

Kalamu na Wino kaka, nakutajia basi. Alfred arudi halafu akatae kazi.

Fikiria, mtu ametoa maisha yake yote kwa mtoto wa mwajiri wake, aliacha jukwaa la maigizo, hana mke, amekufa kwa ajili ya ile vita ya usiku. Anaamka, anakuta Bruce bado anavaa lile joho. Anamwambia nakupenda, ila sirudi pangoni, na wewe ukishuka tena huko usitegemee nitakuwa naitazama saa. Hilo hawezi kulisema akiwa kwenye barua, barua haijibizani na mtu. Damian naye amebeba hatia miaka yote hii, aliacha mpaka kuwa Robin, anahitaji kusikia kwa mdomo wa mzee mwenyewe kwamba halikuwa kosa lake. Hiyo stori ningeinunua toleo kwa toleo.

Kalamu na Wino

Dada hapo umenikamata. Hilo ni swali la kweli. Wasiwasi wangu ni mwaka wa pili, mwandishi anayefuata akija atamrudisha jikoni ndani ya matoleo matatu.

Mzee wa Kava

Na ndo historia inavyosema, 1966 haikuchukua hata toleo moja.

GwenDaima

Naomba nichangie upande wa Gwen Stacy, mpenzi wa Spider-Man, maana ndo mfano wa kubaki mfu ambao kila mtu anautaja. Amazing Spider-Man #121, 1973, Gerry Conway na Gil Kane. Green Goblin anamtupa kutoka darajani, Peter anamdaka mguu kwa utando, na pembeni ya shingo yake kuna kaneno kadogo ka mlio wa kuvunjika, unaweza ukakapita usikaone. Peter anamvuta juu huku anajisifu amemwokoa. Baadaye kwenye ukurasa wa barua wa #125 wakathibitisha kwamba kilichomuua ni ule mshtuko wa kusimamishwa ghafla. Kwa miaka mingi Gwen yule hakurudi, walikuja clone tu, yani nakala zake, na kile kifo bado kina nguvu kuliko vifo vyote vilivyokuja nyuma yake.

Lakini Popo nataka ulione na hili. Kubaki mfu hakumlindi mhusika. 2004 wakaandika stori ya kwamba Gwen kabla ya kufa alizaa mapacha na Norman Osborn, mtu yuleyule aliyemuua. Marehemu hana wa kumtetea, wanaweza kumwekea zamani yoyote wanayotaka na yeye hawezi kuonekana kwenye toleo lijalo akalisafisha jina lake. Nilichukia kuliko ambavyo ningechukia kumrudisha. Kwa hiyo mnaosema Alfred abaki ili heshima yake isiguswe, heshima ya mfu inaguswa kirahisi tu.

Kilichomponya Gwen ni njia ya tatu. Edge of Spider-Verse #2 ya 2014, ulimwengu ambao aliyeng'atwa na buibui ni yeye, na aliyekufa ni Peter. Gwen wa 1973 alibaki kaburini na huzuni yake yote, na wakati huohuo kuna Gwen anayepiga ngoma na kuruka maghorofa. Hakuna aliyenyang'anywa kitu.

Popo_Msomaji

GwenDaima hilo la mapacha nilikuwa nimelisahau kabisa kwenye hesabu zangu, ni hoja nzito.

Na ndo Absolute Batman inapoingia. Scott Snyder na Nick Dragotta, toka 2024. Bruce hana utajiri, mama yake yuko hai, na Alfred ni jasusi wa Uingereza aliyetumwa Gotham, hamjui huyu kijana, anamchunguza kwa mbali na anatusimulia. Humo Alfred hajui Bruce atakuwa nani. Uhusiano wao unajengwa mbele ya macho yetu badala ya kuukuta umeshaiva. Binti, lile unalolitaka wewe, Alfred mwenye haki ya kukataa, mbona humo limo? Yule hadaiwi chochote na familia ya Wayne, akibaki amechagua.

BintiWaFremu

Limo nusu. Alfred wa Absolute anaweza kukataa kwa sababu hajapenda bado. Ninayemtaka mimi ni yule aliyeshapenda kwa miaka themanini ya komiki halafu akatae hata hivyo. Ila nakubali, kama hakuna mwandishi mwenye ujasiri wa kukaa na hilo jambo miaka mitatu bila kumrudishia sinia mkononi, bora wamwache. Mwaka 2022 kwenye Batman vs. Robin walituonyesha tena sura yake kisha akaondoka, na kwangu ile ilikuwa mbaya kuliko kumrudisha na mbaya kuliko kumwacha, ilikuwa kutuchokonoa kidonda tu.

Nyuki44

Hapo kwa kuchokonoa kidonda nakuunga mkono asilimia mia. Waamue moja.

MgeniWaGotham

Samahani wakubwa zangu, mi nimeanza kusoma na Absolute tu, Alfred mwingine simjui kabisa. Nikitaka kuuelewa huu mjadala nianzie wapi bila kusoma miaka themanini yote?

Kalamu na Wino

Karibu sana mdogo wangu. Usianze na kifo, ukianza na #77 utaona mzee fulani kauawa na hutajali. Tafuta kwanza stori zozote mbili tatu za Batman za miaka ya nyuma ambazo Alfred anaongea sana, umzoee. Kisha City of Bane, ile stori yenye #77, na ukifika #83 utulie, ndo Bruce anaamka anajikuta karibu na mwili wa Alfred na anasikia maneno ya mwisho aliyomwachia. Ukitoka hapo soma Pennyworth R.I.P. ya 2020, familia wamekaa baa wanamkumbuka na wanaishia kugombana, wengine hawaipendi ila mi naona misiba mingi huwa hivyo. Halafu ndo Nightwing #78 na kuendelea.

BintiWaFremu

Na ukimaliza rudi hapa utuambie arudi asirudi, tunahitaji mtu ambaye hajazoea kuumizwa na DC.

MgeniWaGotham

Asanteni, naanza leo. Ile ya 1964 ya jiwe nayo naitaka, inapatikana?

Mzee wa Kava

Ipo kwenye mikusanyiko ya Batman ya miaka ya sitini, tafuta inayobeba Detective #328, na ukiweza pata na #356 uone alivyorudi. Zisome zote mbili siku moja.