Mrejesho: ganzi ya miguu kwa msafisha vioo vya simu, Kampala

Ndugu zangu, niliwauliza kuhusu mdogo wangu wa kike anayesafisha vioo katika karakana ya kuunganisha simu hapa Kampala, ambaye vidole vya miguu vilianza kufa ganzi. Asanteni kwa kusisitiza kwamba nitafute jina la ile dawa anayosafishia vioo kabla ya kumpeleka kwa daktari, kwa kuwa dumu alilokuwa akichotea halikuwa na lebo yoyote.

Dawa hiyo ni heksani, kimiminika cha kuyeyushia uchafu kinachotokana na petroli. Viwanda huipenda kwa sababu hukauka upesi kuliko spiriti na haiachi alama kwenye kioo, lakini mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu mwili huugeuza kuwa sumu inayoharibu neva za miguu na mikono. Ndiyo iliyowadhuru wafanyakazi wa kiwanda cha Wintek, kilichoitengenezea Apple vioo vya simu, mjini Suzhou, China, mwaka 2009, na mwaka 2014 Apple iliipiga marufuku, pamoja na benzini (kiyeyushi kingine chenye sumu), katika hatua za mwisho za uunganishaji wa bidhaa zake.

Daktari alimwachisha kazi hiyo mara moja, akatuonya kwamba ganzi inaweza kuongezeka kwa miezi kadhaa kabla ya kupungua. Karakana, baada ya kukumbushwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, imerudia spiriti na kufunga feni ya kutoa hewa nje. Barakoa za kitambaa walizokuwa wakigawa, kusema kweli, hazizuii mvuke hata kidogo. Suala la fidia bado tunalifuatilia.