Mawakili na watu wa mahakamani, tupeane uzoefu: kesi ya bure ambayo hujaisahau

Msomi wa Benchi la Nyuma:
Wakuu, salaam. Wiki ya Sheria imeisha, mahema yamekunjwa, na sauti yangu haijarudi. Siku zote hizo tulikuwa kwenye meza za plastiki tukitoa ushauri bila malipo. Nilichokiona ni kwamba wengi waliokaa mbele yangu hawakuwa na kesi mbaya. Walikuwa wamechelewa tu.

Mzee mmoja alinitolea hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kutoka kwenye bahasha ya kaki, imetunzwa utadhani hati ya ndoa. Rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Yeye ana miezi saba. Nikamuuliza, mzee wangu, siku zote hizi ulikuwa wapi? "Nilikuwa natafuta hela ya wakili, mwanangu."

Nimelala na hilo jibu. Basi tusimuliane: kesi gani uliifanya bure na bado unaikumbuka? Makarani na wasaidizi wa kisheria karibuni pia. Majina ya wateja na ya mahakama yabaki kwenye majalada.

Bi Mkoba:
Mwaka wa pili tangu niapishwe, tulikwenda gerezani kikundi cha mawakili tisa kusikiliza wafungwa. Nikapangiwa kijana wa unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungo cha miaka 30. Siku ya hukumu alisema anataka kukata rufaa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka utoe kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10, kisha rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Yeye aliweka dole gumba kwenye karatasi ya kusudio akiwa gerezani, akajua yamekwisha. Karatasi haikuwahi kufika mahakamani. Mwaka wa tatu huo anangoja kuitwa.

Nikaandaa maombi ya kuongezewa muda. Mwenzangu mmoja aliniambia kiapo cha mfungwa, yaani maelezo yake ya maandishi aliyoyaapia, peke yake hakitoshi, hakimu au jaji atauliza nani mwingine anajua kwamba alitia dole. Nikarudi gerezani mara nne kumwomba ofisa aliyekuwa zamu siku ile naye aape. Mara tatu za kwanza alikuwa "ametoka kidogo". Ya nne nilikaa kwenye benchi la wageni mpaka saa tisa, akanionea huruma. Kile kiapo cha kurasa mbili ndicho kilichofungua mlango, maana rufaa yenyewe haikuwa ngumu: tukio la usiku, shahidi mmoja, na hakuna aliyesema taa ilikuwa na mwanga kiasi gani wala alisimama umbali gani. Kila mwanafunzi wa sheria nchini anaijua kesi ya Waziri Amani (jina la mtu, si cheo) ya 1980 kuhusu utambuzi wa usiku. Nilisimama dakika kumi na tano hivi.

Alitoka siku ambayo mimi niko mahakama nyingine. Akanipigia kwa simu ya kondakta: "Dada wakili, nimetoka, lakini nauli ya nyumbani sina." Nikamtumia. Mpaka leo nikifungua jalada la mfungwa, naandika nauli kwenye gharama zangu.

Jalada la Jioni:
Yangu sijivunii. Kesi ya mauaji, Mahakama Kuu ilinipangia mshtakiwa asiye na uwezo. Jalada nililipata jioni, kesho yake asubuhi shahidi wa kwanza kizimbani. Niliuliza maswali ya kuuliza tu. Ningeomba ahirisho, lakini nilikuwa mgeni na niliogopa kuonekana sijajiandaa, wakati kweli sikuwa nimejiandaa. Siku hizi naomba. Waninunie.

Mama Daftari (msaidizi wa kisheria):
Sisi Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatutambua, ila mahakamani hatusimamii mtu. Kazi yetu inaishia mlangoni, na kabla ya mlango kuna mengi.

Alikuja mama ameachika baada ya miaka ishirini ya ndoa, ameambiwa nyumba si yake kwa kuwa hakuwahi kuajiriwa. Nikamweleza habari za Bi Hawa Mohamed, kwamba tangu 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani ni mchango. Akaniangalia. "Sasa nitathibitishaje kupika?" Ikabidi tuanze kukumbuka: nani aliwapikia mafundi, nani aliteka maji ya kumwagilia matofali. Fundi mmoja akapatikana, akakubali kuja kusema. Nikampeleka kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa apate ile hati ya kwamba usuluhishi umeshindikana, halafu nikamkabidhi kwa wakili wa kujitolea. Alipewa sehemu yake. Si nusu.

Kodi ya Ofisi:
Naomba niwe mbaya kidogo. Hizi za bure nani ananilipia pango? Na nje ya mahakama pale kuna vishoka hawana hata cheti cha uwakili, wanaandika maombi ya hovyo na wanalipwa kuliko mimi. Mteja akishaharibikiwa ndipo ananijia, hela imeisha, anaomba nimsaidie bure. Nimezifanya tatu za namna hiyo mwaka jana. Basi, nimeshasema.

Karani Mstaafu:
Niongezee kwenye kuchelewa. Kabla ya sheria kubadilishwa 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, ukiacha Mahakama ya Mwanzo, mtu alisikilizwa kwa Kiswahili akakabidhiwa hukumu ya Kiingereza. Walikuwa wananijia dirishani: "Mwanangu, hapa nimeshinda au nimeshindwa?" Wengine waliuliza baada ya siku za rufaa kupita.

Na huyo mzee wako, Msomi, umeangalia nakala yake imethibitishwa lini? Angalia mhuri wa ukurasa wa mwisho, usiangalie tarehe ya hukumu.

Msomi wa Benchi la Nyuma:
Karani, shikamoo yako naileta kwa magoti. Nilipiga picha ile hukumu, nimeifungua sasa hivi. Nakala imegongwa mhuri miezi mitano baada ya hukumu kusomwa. Muda wa kusubiri nakala unatolewa kwenye hesabu. Kumbe mzee amechelewa wiki mbili na siku kadhaa, na hizo kila moja lazima ielezewe, lakini zinaelezeka.

Nimempigia, hakulala mapema kama nilivyodhani. Kesho saa mbili yuko ofisini. Bi Mkoba, nirushie mfano wa kile kiapo chako.

Bi Mkoba:
Nimetuma. Muulize pia kama ana nauli.