Naombeni ushauri: Kidato cha Pili kimenishinda, hasa kijana mmoja wa dawati la nyuma

Chaki Nyeupe: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa Historia, shule ya kata hapa Tanga mjini, ajira nimepata mwaka huu. Nina mkondo wa Kidato cha Pili, wanafunzi 78. Asubuhi tunaelewana, baada ya mapumziko ni vurugu tupu. Kinara ni kijana mmoja wa nyuma. Nikimpa zamu ya kusoma kwa sauti anagonga dawati kwa mfuniko wa kalamu, wenzake wanapokea, darasa linageuka ngoma. Nimefoka, nimemtoa nje, nimempa sehemu ya kufyeka. Wenye uzoefu mnafanyaje? Silali.

Mama Wawili: Pole mwalimu. Simu zimewaharibu. Wangu wa pili nilimnyang'anya, akasusa kula siku mbili. Siku ya tatu nikapika samaki wa nazi, akaja mwenyewe jikoni.

Kijana wa Makorora: Sisi mwalimu wa hesabu akikohoa tu kwenye korido, hata nzi alikuwa anatua kwa adabu. Fimbo, kaka. Mnawadekeza.

Mwalimu Mstaafu: Mwanangu, nimesimama mbele ya ubao miaka 31. Ukifoka umeshaingia kwenye ngoma yake. Shusha sauti, endelea kufundisha huku unatembea hadi dawati lake, usimame hapo hapo. La kumwambia mwambie pembeni kipindi kikiisha, maana mbele ya wenzake hawezi kukubali kushindwa. Kipindi cha mchana kianze na swali ubaoni kabla hawajakaa, mikono iwe na kazi. Madaftari akusanye yeye. Sasa nijibu: leo alikuwepo darasani?

Chaki Nyeupe: Ahsante mwalimu, shikamoo. Leo hakuwepo.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Tangu lini?

Chaki Nyeupe: Leo siku ya tisa.

Mwalimu Mstaafu: Kulitokea nini?

Chaki Nyeupe: Nilimchapa. Viboko saba, mbele ya darasa. Mkuu wa shule hakujua na kitabu cha adhabu sikuandika. Lakini mjue alinicheka usoni, 77 wengine wakinitazama. Ningemwacha, nani angenisikiliza tena? Mama yake nimempa elfu hamsini ya dawa, kaipokea. Barua ya kuomba uhamisho nimeshaiandika. Kwa hiyo la huyo naona limeisha, nataka tu mbinu za hawa waliobaki.

Mwalimu Mstaafu: Halijaisha. Kanuni za viboko zilizorekebishwa 2002 zinasema visizidi vinne, achape mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, na iandikwe kitabuni. Umekosea kote kutatu. Hiyo elfu hamsini siku moja itasomwa kuwa ulikuwa unaficha.

Mama Wawili: Saba! Mtoto wa mwenzio huyo.

Mpiga Kasia: Hii chai. Mwezi wa pili mleta mada alifungua uzi humu akiuliza bei ya betri ya bajaji, akasema yupo kijiwe cha Pongwe. Leo mwalimu wa Historia?

Kijana wa Makorora: Duh. Na mimi nimesoma yote kwa bando la mia tano.

Mpiga Kasia: Kama ni mwalimu kweli, shajara ya darasa inakaa kwa nani?

Chaki Nyeupe: Inakaa kwa monita, nasaini kila kipindi. Bajaji ni kweli. Nilimaliza chuo 2019, nikaendesha bajaji hadi ajira zilipotoka. Sitawalaumu kwa kutoniamini. Ila siku ile alipokunja mkono apokee fimbo niliona magamba ya samaki yamegandia kwenye kifungo cha shati, yameshakauka. Niliyaona, na bado nikachapa. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si vurugu.

Mpiga Kasia: Samahani, mwalimu. Mimi navua, natokea Deep Sea, pale wanaposhusha samaki hapa Tanga. Hebu kumbuka, vurugu zake zinazidi wakati wa giza?

Chaki Nyeupe: Giza kivipi?

Mpiga Kasia: Mwezi usipoonekana. Dagaa wanafuata taa, kukiwa na mbalamwezi hawaji vizuri. Watoto wanapanda ngalawa jioni, wanashuka alfajiri, wengine wanapitiliza shule na shati lile lile. Mbalamwezi ikirudi wanalala kwao.

Chaki Nyeupe: Nimefungua daftari la mahudhurio. Anapotea siku kumi hivi, anarudi wiki mbili, anapotea tena. Sikuwahi kuzipanga hivyo.

Mwalimu Mstaafu: Sasa ongeza hili. Miaka saba ya msingi kasoma kwa Kiswahili, wewe unamsimamisha na usingizi wake asome Historia kwa Kiingereza mbele ya watu 77. Huenda hawezi kuisoma hiyo aya, anagonga dawati ili wasijue. Akirudi, mpe sentensi mbili jana yake akajiandae. Ila kwanza mkuu wa shule ajue kwa kinywa chako, kisha nenda nyumbani kwao na mwalimu wa malezi. Usiende na hela.

Chaki Nyeupe: Uhamisho je?

Mwalimu Mstaafu: Ukihama leo, mtoto atarudi shuleni kwa nani?

Mpiga Kasia: Mama yake yupo mnadani Deep Sea asubuhi? Nikijua anakaa wapi pale nitakupokea getini. Nitumie pembeni, usiandike jina la mtoto humu.

Chaki Nyeupe: Nimempigia mkuu sasa hivi. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema niandike maelezo kwa mkono, niyafikishe saa moja na nusu. Nimeanza kuandika. Mpiga Kasia, nakutumia ujumbe.