Kusaka zawadi nyumbani: ninunue kadi za tayari au tuandike wenyewe?

MamaNuru_Tabata
Habarini wadau. Jumamosi ijayo nina bethdei ya mwanangu na nataka watoto wacheze ule mchezo wa kusaka zawadi, unaficha vitu nyumbani wanafuata dokezo moja mpaka jingine. Kuna dada mtandaoni anauza kadi zilizochapwa tayari, paketi elfu 35 na ramani na vibandiko ndani. Baba Nuru anasema ni kutupa hela, tuandike wenyewe kwenye karatasi. Kipi bora? Natakiwa kulipia kesho.

FundiKipara
Umri? Idadi? Kwako au mmepanga? Unaomba dawa hujasema unaumwa nini.

BintiKisauni
Na kusoma wanajua? Maana kama ni wa chekechea, hizo kadi utazisoma wewe huku unawakimbiza.

MamaNuru_Tabata
Samahanini, niliandika nikiwa kwenye daladala. Anatimiza miaka 7. Wanakuja kama 14, wadogo kabisa wana miaka 4, mkubwa ana 11. Tumepanga, ua mmoja familia tatu.

MjukuuWaTega
Achana na kadi dada yangu. Vitendawili ndiyo madokezo yenyewe, tumeachiwa bure na wazee. "Nyumba yangu haina mlango", wanakimbilia trei ya mayai, chini yake karatasi ya pili. "Kuku wangu katagia miibani", wanalitafuta nanasi mezani. Wanangu niliwafanyia karatasi nane, gharama ilikuwa kalamu tu.

FundiKipara
Hiyo ya nyumba isiyo na mlango wanangu wangejibu kaburi.

MjukuuWaTega
Kaburi ni "Nyumba yangu kubwa haina taa". Isiyo na mlango ni yai. Usichanganye mambo.

FundiKipara
Kwani kaburi lina mlango?

BintiKisauni
Jamani! Bethdei ya mtoto mshaifikisha makaburini.

BabaPacha_Kimara
Mimi karatasi zilinitoa jasho, ngoja nisimulie. Bethdei ya pacha wangu mwaka jana. Usiku wamelala, mimi na mama yao tukaandika madokezo kumi, nikayaficha: moja chini ya ndoo ya bafuni, jingine ndani ya kiatu changu cha kazini, la tano nikalikunja nikalisukumia chini ya zulia la mlangoni. Dada wa kazi hatukumwambia kitu. Alfajiri kaamka kama kawaida yake, kafagia, kakung'uta zulia, takataka kazitia moto nyuma ya choo.

Saa tisa mchezo ukaanza, shangwe tupu. Dokezo la nne likawaambia "futa miguu kabla hujaingia". Mbio mpaka kwenye zulia. Wakaligeuza, wakalikung'uta, mmoja akalinusa kabisa. Hakuna kitu. Nikasema basi niwape la sita kwa mdomo, kumbe sikuwa nimeandika popote kipi kiko wapi. Bado nakuna kichwa, nikasikia sauti, "Hazina huwa inazikwa!" Kugeuka, watoto kumi na moja wako kwenye mchicha wa mama mwenye nyumba, wengine wana vijiko vya pilau. Mchicha wa kuvunwa Jumatatu.

Zawadi ilikuwa stoo, juu ya kabati, na stoo yetu haina dari. Tulipoikumbuka jioni chokoleti ilikuwa uji. Kwa hiyo ukiandika mwenyewe, kaa na orodha mfukoni. Na dada wa kazi mwambieni.

MamaNuru_Tabata
😂😂 Pole kaka. Sasa si bora hizo kadi?

BabaPacha_Kimara
Kadi nazo zingefagiwa tu.

Mtoro_Muscat
Mimi nilizinunua. Huku kiangazi nje hakukaliki, tunacheza ndani ya fleti. Ya kwanza "nenda penye moto wa kuotea", ya pili "tafuta gereji", ya tatu "panda ghorofani". Fleti ya vyumba viwili, ghorofa ya tano! Kuota moto Muscat! Mwombe huyo muuzaji picha ya kadi zote kabla hujatuma hela.

BintiKisauni
Mie ningegawa. Wa miaka 4 wape vikapu waokote: jani la mwembe, unyoya wa kuku, kifuniko cha soda, kijiwe cheupe. Hao hawataki mafumbo, wanataka kujaza kikapu. Wa katikati wanaosoma kwa kusitasita, piga picha kwa simu: friji, viatu vya baba, mfereji wa uani. Zichapishe dukani. Wakubwa ndio wape vitendawili. Na hao wakubwa wawe makundi mawili, karatasi rangi mbili, kila kundi na njia yake, wakutane kwenye dokezo la mwisho. La sivyo huyo wa miaka 11 atasoma yote peke yake na wenziwe watalia. Jikoni na kwenye ndoo za maji usifiche kitu.

FundiKipara
Kazi yote hiyo kwa mchezo wa nusu saa? Sisi tulicheza kombolela mpaka tunaitwa kuoga, hakuna aliyetufichia chokoleti.

BintiKisauni
Huku kwetu ni kibe. Nawe bila shaka ulikuwa ukijificha ukasahauliwa.

FundiKipara
Mara moja. Mpaka magharibi. Tusiongelee.

MjukuuWaTega
Zawadi weka ubuyu au kashata, haviyeyuki. Lakini funga kwenye kopo, sisimizi hawana mwaliko.

MamaNuru_Tabata
Asanteni. Nimemwomba picha, kanitumia kadi tatu tu, moja inasema "chungulia kwenye sanduku la barua". Anasema zimebaki paketi mbili na kuna mtu anazitaka leo.

Mtoro_Muscat
Hata mimi aliniambia zimebaki mbili.

MamaNuru_Tabata
Bado sijaamua. Baba Nuru kaanza kutunga vitendawili, vyote jibu lake ni friji.

FundiKipara
@BabaPacha_Kimara mchicha uliulipa?

BabaPacha_Kimara
Matuta mawili, elfu kumi na nane. Na salamu bado ananiitikia nusu.